Mgongo Wangu na Barabara ya Kasomeno

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Antoine wa kwaya yetu amerudi kutoka matembezini. Jana baada ya misa alipitisha simu yake kwa wanakwaya wote. Pichani yeye mwenyewe, mkono kiunoni, miwani ya jua, nyuma yake maporomoko ya maji. Maji yenyewe kama ya bomba lililopasuka. Lakini akina mama wa sauti ya kwanza waliguna kwa mshangao, na Padri akasema kumbe jimbo letu ni zuri hivi. Mimi naongoza sauti ya tatu mwaka wa ngapi sijui, na Padri hajawahi kunigunia.

Wazo limekuja leo nikinyoa ndevu. Nitakodi pikipiki. Nitashika barabara ya kaskazini, niingie porini, nifike milima ya Kundelungu, nipige picha maporomoko ya Lofoi. Hayo ni marefu mpaka shingo inauma. Kisha nafungua kampuni ya kupeleka watalii. Jina lipo tayari, langu likiwa mbele: Anaclet Kaskazini. Antoine atakuja kuomba kazi. Nitamfikiria.

Kikwazo ni kimoja. Mama wa mke wangu Myriam anakaa Kasomeno, kwenye barabara hiyohiyo. Upepo umeng'oa mabati ya nyumba yake na mvua ziko karibu. Myriam anataka mkwe aende kuyapigilia. Mkwe ni mimi. Nimemwambia daktari amenikataza safari kwa sababu ya mgongo. Akauliza daktari gani. Nikasema ni mpya.

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Nimekwenda kwa Asani, fundi wa pikipiki hapa Katuba. Anayo moja nyekundu ya kukodisha, aliyoiunga mwenyewe kutoka pikipiki tatu. Anasema ni nzima kabisa, ila ikizimika isilazimishwe, iachwe mpaka itake yenyewe. Akauliza kama najua kuendesha. Nikajibu kwamba swali hilo linanivunjia heshima.

(Nimejifunza mchana, nyuma ya uwanja wa mpira. Mbuzi hakuumia sana.)

Alitaka rehani. Nimempa televisheni yetu. Myriam nimemwambia nimeipeleka kutengenezwa. Akasema haikuwa imeharibika. Nikasema ndiyo maana nimeiwahi.

Kofia ya pikipiki iliyobaki ni ya mke wa Asani. Inabana masikio. Asani anasema itatanuka.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Kesho naondoka. Myriam anajua naenda Likasi kwa mtaalamu wa kukanda migongo na kwamba nitalala huko. Amenifungia mihogo na karanga. Kisha amenipaka dawa mgongoni, polepole, akiniambia nivumilie. Nilijisikia vibaya kidogo. Mihogo nimeionja, ni mitamu.

Njia aliyonielekeza Asani inapita Kasomeno katikati. Hilo nimelitatua. Nitapita na kofia kichwani, kioo kimeshushwa, bila kusimama.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Naandika nikiwa Kasomeno. Nimesimama.

Asubuhi ilikuwa ya ajabu. Nilipoacha mji nyuma, lami nayo ikaisha, ikabaki barabara nyekundu na pori pande zote. Miti imetoa majani mapya, mengine yana rangi ya shaba. Wabeba makaa walikuwa wakisukuma baiskeli zao kuelekea mjini, magunia yamewazidi urefu, na kila mmoja alinisalimu. Nilimsahau Antoine kwa muda mrefu. Niliimba. Ndani ya kofia sauti yangu ni nzuri kuliko kanisani.

Nikaingia Kasomeno. Pikipiki ikakohoa, ikazimika. Mbele ya meza ya samaki. Nyuma ya meza, mama mkwe.

Nilipiga teke mpaka mguu ukafa ganzi. Akaja na kikombe cha maji. Nikataka kuinua kioo: kimekwama. Nikataka kuvua kofia: imekwama. Kichwa kilikuwa kimevimba kwa joto. Nikakishika kikombe tu, kama kalisi ya misa.

Kwetu mkwe na mama wa mke hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mama anageuka na kujifunika kitenge. Lakini leo alinikodolea macho wazi, maana kofia haina ukwe.

Akauliza natoka wapi. Nikafanya sauti nzito, nikasema Likasi.

“Mukwe wangu naye iko Likasi leo,” akasema. “Anaenda kukandwa mugongo. Mutoto wangu Myriam aliniambia kwa simu. Namuombea kila siku, papa. Iko muntu muzuri, ni ile mugongo tu.”

Masikio yalinichoma. Kofia inabana kweli.

Hapo mawingu yalikuwa yamejaa. Tone la kwanza likaanguka juu ya samaki. Mama akatazama nyumba yake, iliyo hapohapo nyuma ya meza, nusu ya paa iko wazi, kitanda kinaonekana. Akauliza, “Na weye, papa, mugongo yako iko muzima?”

Nikaitika kabla ya kufikiri.

Nimepigilia mabati mchana wote, ndani ya mvua, na kofia kichwani. Katekista wa jirani alishika ngazi. Mama alisimama chini akinielekeza: hapana pale, papa, kidogo kushoto, bati ile ya mwisho iko inacheza. Nilipofika juu kabisa mvua ilipumzika, nikaona upande wa kaskazini ukingo mrefu wa bluu. Nadhani ni Kundelungu. Kuzuri kuliko nilivyofikiri. Nilitaka kutoa simu, lakini mikono ilikuwa imejaa misumari.

Jioni wakaamua kuivua kofia. Mama akamimina mafuta ya mawese pembeni ya shingo, katekista akavuta. Kabla kofia haijachomoka, mama akageukia ukuta na kujifunika kitenge mpaka kichwani. Ikachomoka. Katekista aliniangalia, akamwangalia mama, akaketi chini kucheka.

Mama huyu ana aibu sana mbele ya wageni. Bahati yangu, hakuniona uso.

Nalala kwa katekista. Mama ameniletea chakula hapa, akakiacha mlangoni bila kuingia: bukari, ugali wetu, na kuku mzima, firigisi yake ndani, kama anavyopikiwa mkwe. Watu wa Kasomeno wanajua kukaribisha mgeni.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Pikipiki imewaka kwa teke la kwanza, bila haya yoyote. Lakini mbele barabara imekuwa tope, na lori limelala katikati kama ng'ombe. Wote wanarudi. Lofoi itangoja.

Sikutoka mikono mitupu. Alfajiri mvua ilirudi, nikapiga picha maji yakimwagika kutoka kwenye bati la mama mkwe. Ukisogeza simu karibu sana, ni maporomoko.

Jumamosi, tarehe 11 Oktoba

Myriam alikuwa akichekecha unga niliporudi jana. Hakuinua kichwa. Akauliza habari za Likasi. Nikasema mtaalamu ana mikono mizuri. Akaendelea kuchekecha.

Leo asubuhi amesema mama yake amepiga simu. Nyumba haivuji tena. Mama anamshukuru mkwe wake, na anamshukuru Mungu kwa kuuponya mgongo.

Nyumba isiyo na televisheni ina kimya kikubwa.

Mwishoni nikauliza mama amejuaje, na mimi nilikuwa nimefunikwa kichwa.

“Mama haangaliaka uso yako hata siku moja,” Myriam akasema. “Tangu ndoa anaangaliaka miguu yako tu. Ile miguu anaijua.”

Nilingoja anigombeze. Akanipa chai. Akasema mama alicheka kwenye simu, na kwamba hakuwa amemsikia akicheka tangu baba afe. Alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama siku nyingi. Kwa hiyo safari ilikuwa na faida, kama nilivyokuwa nimepanga.

Kisha akaongeza kwamba mama anataka choo kipya, na kwa kuwa mgongo umepona, Jumamosi ijayo ninaenda kuchimba shimo. Yeye Myriam atanisindikiza.

Televisheni bado. Mke wa Asani anaomba tungoje mpaka mchezo wake wa Kihindi uishe.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Ushindi. Baada ya misa nimepitisha simu yangu. Akina mama wa sauti ya kwanza wameguna, kwa muda mrefu kuliko walivyomgunia Antoine. Antoine ameuliza kwa nini kuna msumari ndani ya maporomoko. Nimemwambia wivu ni dhambi, tena uwanjani pa kanisa.

Padri ameitazama picha, akanishika bega. Anataka kwaya yote ikaone Lofoi, nami niwe kiongozi wa safari, maana najua njia. Jumamosi ijayo. Nimekubali palepale.

Nilipofika nyumbani, Myriam alikuwa ameazima jembe na sururu, ameziegemeza mlangoni. Nimemwambia goti limeanza kuniuma. Nachechemea tangu mchana. Bado sijaamua ni goti gani.