Ombi la Kurudishiwa Foleni Yetu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Tume ya Mipango ya Usafiri na Makazi ya Kanda.

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wajumbe wako, na kwamba leo mmefika ofisini mapema. Siku hizi kila mtu anafika mapema, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni kinyozi. Duka langu liko pale njia panda, ubavuni mwa barabara kuu, lenye mlango wa buluu. Wateja huniita Mzee Wembe. Kwa miaka mingi tuliishi na foleni yetu kwa amani. Ilianza asubuhi watu wakiwa bado wanapiga miayo, ikapumzika kidogo mchana kama binadamu yeyote, ikarudi jioni. Sisi wenyeji hatukuwahi kuilalamikia. Waliolalamika ni wale waliokuwa ndani yake, na hao, kwa heshima zote, walikuwa wapita njia tu. Kisha Tume ikaja na ramani. Ikajenga barabara ya juu, ikayapa mabasi njia yao peke yao, ikasimamisha maghorofa ya kupanga karibu na kituo ili watu waishi jirani na kazi zao. Foleni ikafa. Hata kwenye mazishi hatukualikwa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu vichwa. Zamani abiria alishuka basini mbele ya duka langu, akanyolewa, akapakwa spiriti, akajitazama kwenye kioo mpaka akaridhika, kisha akatembea taratibu na kulikuta basi lake lile lile kwenye mataa, kiti chake bado kina joto. Leo basi halimsubiri mtu. Hivi karibuni kijana mmoja aliyekuwa akienda kwenye usaili wa kazi alikaa kitini akidhani mambo ni yale yale. Nilikuwa nimemaliza upande wa kushoto aliposikia honi. Akaruka na kitambaa changu shingoni, akipiga kelele, "Mzee, nitarudi!" Akaenda kwenye usaili na nusu kichwa. Kazi aliipata, kwa kuwa wakubwa walisema hawajawahi kumwona mtu anayejali muda kiasi kile. Lakini mimi, Mheshimiwa, nimepata nini? Watu wananionyesha kidole sokoni: yule pale, kinyozi wa nusu kichwa.

2. Kuhusu ndoa na ujamaa. Neno "foleni" lilikuwa nguzo ya nyumba nyingi. Mume akichelewa, foleni. Aliyesahau kununua mkate, foleni. Asiyetaka kwenda kumwona mgonjwa, foleni. Sasa mama watoto akiniuliza "Ulikuwa wapi?" sina pa kushika. Juzi nilijaribu. Nikamwambia nimekwama kwenye foleni. Akatoka mpaka mlangoni, akaitazama barabara iliyokuwa tupu kama sahani iliyolambwa, akarudi, akakaa. Nilitamani angenigombeza.

Tena kuna shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alikuwa akikaa upande wa pili wa mji na tulipendana sana, kwa sababu tulionana mara moja kwa mwaka. Tume imempa chumba katika ghorofa lile la kwanza, na dirisha lake linatazama jiko letu. Akiona moshi, anashuka. "Nimepita tu, shemeji," anasema, mikono ameshanawa.

3. Hili la tatu ndilo linaloniuma. Hayo mawili nimeyatanguliza ili nipate pumzi.

Binti yangu wa mwisho anatengeneza simu kwenye meza iliyo dirishani mwa duka langu. Ana mikono mitulivu na ulimi mkali. Wanaume waliomjia kwa maneno matamu aliwafukuza, kila mmoja kwa sentensi moja. Ndipo akatokea dereva wa lori la vioo, aliyekuwa akipeleka madirisha ya hayo maghorofa yenu. Kwa ajili ya mzigo wake hakuweza kwenda mbio, na kwa ajili ya foleni asingeweza hata angetaka. Kila asubuhi lori lilisimama mbele ya dirisha letu. Siku ya kwanza alimletea binti yangu simu nzima kabisa. Binti akaifungua, akaifunga, akamwambia, "Simu haina ugonjwa. Mgonjwa ni mwenyewe." Kesho yake kijana akaja na simu ya mama yake. Baadaye ya jirani yake. Mimi nilikuwa nikinyoa na kujifanya sisikii, lakini siku binti yangu alipocheka, nilimkwaruza mteja sikio. Mheshimiwa, sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu bibi yake atutoke.

Siku barabara ya juu ilipofunguliwa, lori lilipita kule juu. Tuliona mwanga wa vioo ukikatiza ukutani mwa duka, basi. Tangu hapo binti yangu ameinamia simu zake, jioni anafunga meza mapema na kuondoka, na akirudi nyumbani anakwenda moja kwa moja kulala. Nikimuuliza, ananijibu, "Baba, nyoa." Mama yake naye ananiambia nimwache mtoto. Mzazi gani atamwacha?

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba foleni irudishwe, angalau ya asubuhi. Sitaki makuu, foleni ya wastani inatosha, ya kulikwamisha lori moja. Kama Tume haina magari ya kutosha, shemeji ana pikapu bovu. Tuko tayari kulisukuma mpaka katikati ya njia panda, na shemeji mwenyewe akae ndani yake, hasa saa za chakula. Hilo likishindikana, mafundi wenu wachimbe shimo, wasimamishe kibao cha "Kazi Inaendelea", kisha waondoke. Uzoefu huo mnao. Hilo nalo likishindikana, maghorofa yahamishiwe ng'ambo ya mto, wapangaji wakiwa humo humo ndani ili wasisumbuke kufungasha. Na ili jambo hili lisijirudie, itungwe sheria kwamba mtu yeyote asiishi karibu na kazi yake, wala na jamaa zake, wala na jiko lisilo lake. Wewe Mwenyekiti ungeonyesha mfano kwa kuhama wa kwanza.

Mke wangu nimemwomba atie sahihi. Amekataa, na maneno aliyosema hayafai kuandikwa kwa ofisi ya umma.

Wasalimie wajumbe wote, wachora ramani, makarani, dereva wako, na mlinzi wa getini, ambaye najua ndiye atakayeisoma barua hii kwanza.

Ni mimi, anayeomba kukwamishwa,

Mzee Wembe,
Kinyozi wa njia panda.

Tanbihi: Nilikuwa natafuta gundi ya kufungia bahasha walipobisha hodi wageni: mzee mmoja mwenye fimbo, mama mmoja mnene, na nyuma yao dereva wa vioo, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Wameleta posa. Nikawauliza kwa nini wamekawia hivi wakati mtoto wangu anakonda. Yule mzee, baba mkubwa wa kijana, akacheka mpaka akakohoa. "Mkwe, mwaka jana tulitoka mara tatu kuja hapa, na mara zote foleni ilitugeuza. Ile ya mwisho shangazi wa kijana alilala garini, alipoamka tuko pale pale, akasema hii si dalili njema, turudi." Leo wametoka kwao baada ya chai na wamefika jua halijapanda. Kumbe jioni zote hizo binti yangu alikuwa akipanda basi kwenda kumsalimia huyo shangazi. Mama yake alijua. Mtaa mzima ulijua.

Barua sikuichana, kwa sababu mwandiko umetoka vizuri. Lakini hoja zote nimezifuta. Barabara msiiguse. Kama shimo limeshaanza kuchimbwa, lifukieni. Na kama kimebaki chumba katika lile ghorofa, maharusi wanakiomba. Kiwe upande wetu, karibu kabisa, Mheshimiwa. Mjukuu akilia, nataka nisikie.