Kifo Kifupi cha Mjomba Fransisko

Jumanne, 9 Julai. Nachingwea.

Shati limefika kutoka kwa fundi. Jeupe, kola ngumu, na mgongoni maandishi ya uzi mwekundu: KIONGOZI MKUU WA ZIARA. Mke wangu Prisila ameuliza ni nani kanipa ukuu. Nimemjibu kwamba bado, lakini shati hutangulia.

Hali ilivyo: kesho wanawasili wastaafu kutoka Dar es Salaam, walimu na manesi, kwa ziara ya urithi. Mashamba ya karanga ya wakati wa mkoloni, bustani ya mapadre, kanisa la misheni, kisha Ruangwa. Mkuu wa msafara ni Mwalimu Scholastika. Amesema kwenye simu kwamba siku ya mwisho atachagua mwenyeji mmoja wa kuongoza ziara zao zote zijazo. Wenyeji walioajiriwa ni wawili tu: mimi, mwanahistoria (zamani karani wa ghala la korosho), na mpishi.

Mpishi! Sioni ushindani.

Jumatano, 10 Julai. Nachingwea.

Mpishi ni Kornelia. Mngoni! Mimi Mmwera. Yaani ni mtani wangu, ana ruhusa ya kusema lolote juu yangu mbele ya yeyote, nami siruhusiwi kununa. Mmwera anayemkasirikia Mngoni huchekwa hadi na wanawe.

Nilisimama juu ya tuta la reli ya zamani. Nikaeleza jinsi Waingereza walivyofyeka pori kwa matrekta, wakapanda karanga, na mvua ikawaangusha. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Kornelia alikuwa anagawa chai. Akasema mvua isisingiziwe.

“Wamwera walikuwa wanafukua mbegu, wanakaanga. Babu yake huyu ndiye alikuwa mwenye kikaango.”

Wageni walicheka mpaka chai ikamwagika. Nikajibu papo hapo kwamba Wangoni walifika huku wakifuata harufu ya pombe. Kornelia akakubali. Alisema walipofika wakakuta Wamwera wameshaimaliza.

Wakati wa kurudi, Mwalimu Scholastika alimwomba Kornelia akae mbele kwenye Coaster. Kiti changu! Nimekaa nyuma na masufuria.

Alhamisi, 11 Julai. Nachingwea.

Mpango wa leo: vibao. Nilitangulia bustani ya mapadre kabla wageni hawajaamka, nikatundika kibao kwenye kila mti. Jina la mti, mwaka wa kupandwa, jina la padri aliyeupanda. Miaka niliikadiria. Mapadre pia.

Wageni walipiga picha mchungwa. Wakapiga picha mfenesi. Mwalimu Scholastika akanitazama kwa heshima, nina hakika. Kisha tukafika kwenye mpapai. Kibao: ULIPANDWA 1911. Kornelia akapiga goti mbele ya mpapai, akausalimia shikamoo, akauuliza kama ulisoma katekisimu kwa Mjerumani. Nesi mmoja mstaafu, Bi Ashura, ilibidi ashikiliwe asianguke kwa kicheko. Katekista Tadeo, ambaye hakuulizwa, akasema aliupanda yeye mwaka juzi, baada ya Pasaka.

Kanisani nilikuwa nimeandaa maelezo ya unene wa kuta. Kornelia akaanzisha wimbo wa Bikira Maria. Walimu wote wakaitikia kwa sauti nne. Bi Ashura, Mwislamu, akawapigia makofi. Hakuna aliyeuliza kuhusu kuta. Ni nene sana zile kuta.

Nimefikiri. Mtani humfukuzi. Lakini mtani ana wajibu. Mmwera akifa, Mngoni huacha shughuli zake, huenda msibani kuchota maji, kupika na kuwachekesha wafiwa. Hata awe na wageni. Kwa hiyo anahitajika marehemu.

Marehemu akiwa ndugu yangu wa mbali, Kornelia atatuma mwakilishi. Lazima awe mtu mzito. Nimemchagua mjomba Fransisko wa Naipingo. Kwetu mjomba ndiye mkubwa wa ukoo. Anakaa mbali na njia yetu, na hana simu, hatajua kitu. Atakufa kesho asubuhi, atafufuka Jumapili wageni wakishaondoka.

Ijumaa, 12 Julai. Naipingo (haikuwa kwenye ratiba).

Mjomba amefariki wakati wa chai. Nilimpa Kornelia habari pembeni, kichwa chini. Akaacha mwiko, akalia, “Uwii, mtani wangu! Mzee wangu!” na kuvua aproni. Kamili kabisa! Nikaelekea kiti cha mbele.

Ndipo Mwalimu Scholastika akasimama. Akasema hawawezi kwenda kutazama mashamba huku mwenyeji wao amefiwa, na kwamba wametoka Dar kutafuta mila, sasa mila imewaita wenyewe. Nikasema Ruangwa inatusubiri. Wakasema nina moyo mkubwa. Nikasema barabara ya Naipingo ni mbovu. Dereva Dastani akasema imechongwa juzi tu. Tukapita sokoni kuchukua mchele, sukari, na Wangoni wengine ambao Kornelia alikuwa amewapigia simu.

Njiani niliomba kushuka nijisaidie. Nia ilikuwa nikodi bodaboda nitangulie, nimwombe mjomba ajilaze kidogo. Walimu wawili walishuka nami, wakanishika mikono kila upande. Mfiwa haachwi peke yake. Walinishika hata kichakani.

Kornelia aliingia uani akiomboleza, kitenge kichwani. Mke wa mjomba, Mama Gaudensia, alikuwa anapepeta mbaazi. Akauliza kafa nani. Akaambiwa ni mumewe. Akasema asubuhi alikwenda shamba akiwa mzima, basi labda ni sasa hivi. Akatupa ungo, akaanza kulia.

Hapo mjomba akatokea. Alikuwa anatoka kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Bomba mgongoni, unga mwili mzima, nywele, nyusi, mpaka kope. Amepauka kama mtu aliyefika huko na kurudishwa. Akauliza msiba ni wa nani.

Sikujua kwamba wastaafu wanaweza kukimbia. Wanakimbia vizuri. Bi Ashura aliingia kwenye Coaster kupitia dirishani.

Kornelia hakukimbia. Alimtazama mjomba, akanitazama mimi, akamtazama mjomba tena. Akakaa chini akacheka mpaka akaomba maji.

“Wamwera nyie! Hata kufa kumewashinda! Mtu kafika mlangoni kwa Petro, kakumbuka mbaazi ziko jikoni, karudi!”

Mjomba hakucheka. Aliniuliza kama mimi ndiye niliyemuua. Nikasema zilikuwa tetesi. Akauliza tetesi za nani. Nikasema zangu.

Mama Gaudensia alifuta machozi, akaokota ungo, akanipiga nao.

Shauri likaamuliwa na Kornelia. Watani wakishafika msibani hawaondoki bila kumlilia mtu. Mkeka ukatandikwa. Nikavuliwa shati, nikalazwa mimi, nikafunikwa shuka, pamba puani. Kornelia akalivaa shati langu, na Ukuu wake wote, akaigiza ninavyotembea, ninavyokohoa kabla ya kutaja mwaka, na ninavyoutafuta angani mwaka wenyewe. Wangoni wenzake wakaomboleza kwamba karanga sasa zitabaki salama. Wageni wakarudi mmoja mmoja. Bi Ashura alitumia mlango. Nilipotaka kusahihisha jambo nikaambiwa maiti haongei. Mchele ulipikwa. Maiti pia hali.

Hukumu ya mjomba ilikuja baada ya chakula. Kumzulia mtu kifo ni uchuro. Nitaleta jogoo, na kesho nitapuliza mikorosho iliyobaki. Msafara ukaendelea Ruangwa bila mimi.

Jumamosi, 13 Julai. Bado Naipingo.

Salfa. Macho yanawasha. Mikorosho ya mjomba haina mwisho, na marehemu mwenyewe alikaa kivulini akinielekeza kwa fimbo, sauti kubwa kuliko ya watu wengi walio hai.

Dastani alinifuata jioni. Anasema leo ziara imeongozwa na Kornelia. Huko Matambarale, Ruangwa, wageni waliuliza shamba fulani la zamani lilianza mwaka gani. Akajibu hajui! Hajui, mbele ya wageni! Akawaita wenye shamba waje waeleze wenyewe, na wageni wakakaa nao wakila mihogo mpaka jua likapungua.

Nimefurahi. Baada ya aibu hiyo, nafasi ni yangu.

Jumapili, 14 Julai. Ruangwa.

Baada ya misa, Mwalimu Scholastika alitukusanya uani kwenye nyumba ya wageni. Nilivaa shati. Lina harufu ya Kornelia na moshi.

Kachaguliwa Kornelia. Wakapiga makofi, mimi pia, kwa sababu walimu wawili wa kichakani walikuwa wananitazama. Mwalimu Scholastika akaongeza kwamba mimi ni mtu wa juhudi, na kwamba kituo kilichowapendeza kuliko vyote ni msiba wa Naipingo. Wanataka uwepo katika kila ziara. Kundi linalofuata linakuja Septemba. Mjomba aliombwa jana kupitia Dastani awe maiti, akakataa, ana mikorosho. Wameniomba mimi.

Nimempigia Prisila. Amesema nikubali upesi, kwamba nikiwa nimelala naharibu machache.

Nimekubali, na kwa sababu ambazo hakuna aliyezifikiria. Maiti huwekwa katikati. Wageni wote humzunguka. Hakuna anayeondoka. Nitalala kimya mpaka kilio kikolee, kisha nitainuka na shuka langu na kuanza na tuta la reli, nimalizie na unene wa kuta.

Tatizo ni moja tu, Kornelia. Akiwepo hatanifikisha hata kwenye matrekta. Siku hiyo lazima aitwe mahali pengine, kwa jambo ambalo Mngoni hawezi kulikataa.

Mjomba mdogo, Severini, anakaa Matambarale. Hana simu.