Kurasa Ishirini na Mbili za Babu

Jumatatu, tarehe 9

Nimeteuliwa. Mimi, si Dada Msomi!

Bibi kaniita chumba cha uani, kile chenye cherehani yake, akanikabidhi bahasha ya kaki. Ndani mna ada ya mahakama, imetimia. Niende masjala nikachukue nakala ya jalada la kesi yetu, nakala ya kompyuta iliyowekwa kwenye flashi, kwa sababu mahakama ya rufaa siku hizi haipokei makaratasi. Mwisho ni Ijumaa saa tisa na nusu alasiri. Tukichelewa, chumba hiki ni cha jirani yetu muuza magodoro. Alishinda kesi mwezi uliopita na tayari kaja kupima dirisha.

Pesa ni za sare za shule. Bibi kashona tangu siku ya hukumu mpaka vidole vikafa ganzi.

Kaniita mume wangu mdogo. Kasema ananiamini. Dada Msomi, binti wa shangazi, kauliza kwa nini asitumwe yeye mwenye cheti. Bibi kamjibu kwamba yeye ana zamu kiwandani, mimi sina zamu popote. Nimemtolea ulimi. Yeye ana cheti, mimi nina akili. Niliishia kidato cha pili kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha.

Jumanne, tarehe 10

Masjala. Dirisha la kioo lenye tundu chini, benchi moja, feni isiyozunguka. Nyuma ya kioo yupo karani mnene wa sauti, wote wanamwita Mama Muhuri.

Jalada letu lina kurasa sitini na nne. Ada hutozwa kwa ukurasa. Kwa ukurasa! Nikamwambia kwa heshima zote kwamba flashi haina karatasi wala wino, tena flashi yenyewe nimekuja nayo, basi anachouza ni hewa. Watu kwenye benchi wakacheka. Nilijua nimeshashinda.

Akanitazama juu ya miwani. Akasema, mwanangu, hapa hatuuzi karatasi. Kila ukurasa unaskaniwa, kisha unalinganishwa na wa jalada, ndipo unathibitishwa. Akanionyesha kwa kidole nyuma yake. Kweli, makarani wawili wamekaa: mmoja anasoma jalada kwa sauti neno kwa neno, mwenzake anafuatisha kwenye kompyuta, kila mstari anajibu sawa. Kama watoto wa chekechea! Na hiyo ndiyo kazi ninayolipia mimi.

Sikulipa. Nimerudi nyumbani nikamwambia Bibi mambo yanakwenda vizuri.

Jumatano, tarehe 11

Nimegundua jambo. Kukagua jalada ni bure! Nusu saa, mezani, mbele ya karani. Nikaomba. Nikapewa. Nikafungua gazeti kubwa kana kwamba nalinganisha habari, simu ikiwa ndani yake. Picha ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Nilifika ukurasa wa kumi na moja, nikaanza kujionea fahari.

Simu ikalia. Bibi anauliza kama nimekula.

Mama Muhuri hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alinyoosha mkono tu. Simu imekaa kwenye droo yake hadi saa ya kufunga, picha zote zimefutwa. Akanieleza taratibu kwamba hata kama nisingekamatwa, picha zisizothibitishwa hakuna mahakama ingezipokea. Akaniuliza kesi ni ya nani. Nikamwambia ya bibi yangu. Akatikisa kichwa muda mrefu.

Nyumbani Bibi kauliza mbona simu ilikatika. Nikasema mtandao.

Alhamisi, tarehe 12

Ushindi! Fomu ya maombi ina nafasi mbili: kuanzia ukurasa wa ngapi, hadi wa ngapi. Maana yake hawakulazimishi kununua jalada zima! Hakuna aliyewahi kuliona hilo isipokuwa mimi.

Nikaomba orodha ya yaliyomo. Ukurasa wa 17 hadi 38 ni ushahidi wa Babu. Kurasa ishirini na mbili! Babu alikuwa msemaji. Lakini Babu alifariki mwaka jana. Majaji hawawezi kumuuliza kitu. Nikaziruka. Nikaandika 1 hadi 16, kisha 39 hadi 64. Mama Muhuri akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia aandike.

Chenji ilikuwa nzuri. Nimenunua mkoba wa ngozi, au unaofanana na ngozi, wenye kufuli mbili, kama wa mawakili. Flashi moja inacheza ndani yake. Njia nzima watu wamenipisha.

Jioni Dada Msomi kachomeka flashi kwenye kompyuta yake. Bibi akavuta kigoda karibu. Hakuuliza habari za hukumu. Akasema nisomeeni pale mzee alipoeleza alivyojenga chumba. Kasema siku ile mahakamani alikuwa analia, hakusikia vizuri.

Dada Msomi akashuka kwenye kurasa, akapanda, akashuka tena. Kutoka 16 kwenda 39. Akanigeukia. Nikaeleza hesabu yangu, nikaeleza vizuri tu. Hakuna aliyecheka.

Wakili wetu kapigiwa simu. Kasema rufaa nzima imesimama juu ya ushahidi wa mzee. Bila huo tusijisumbue.

Bibi akautazama mkoba. Akauliza umekula kiasi gani. Kisha akanyanyuka akaenda kufunika cherehani, na ilikuwa bado mapema.

Ijumaa, tarehe 13

Muuza mikoba kaupokea mkoba kwa nusu bei. Mwizi! Na kurasa zilizorukwa zinahesabiwa ombi jipya, lenye ada ya ombi juu ya ile ya kurasa. Jumla imezidi bei ya jalada zima. Dada Msomi kajazia kwa mshahara wake, noti moja moja, akinitazama kila anapoweka.

Saa saba tulikuwa kwenye benchi, Bibi katikati. Mama Muhuri kamwona, akaiweka kazi yetu mbele, tena kulinganisha akafanya mwenyewe. Akaanza kusoma kwa sauti kavu, kama anasoma orodha ya sabuni.

Chumba nilikijenga mimi. Tofali nilibeba mimi, mchanga alichekecha mke wangu. Mlango ulikuwa mfupi, nikaubomoa nikaujenga upya, kwa sababu mke wangu hupita na beseni kichwani.

Bibi akaweka mkono mdomoni.

Mama Muhuri akapunguza mwendo. Akafika pale wakili wa jirani alipomuuliza Babu kama ana hati ya chumba hicho. Babu akajibu: hati yangu ni yule pale, amekaa benchi la pili, muulizeni.

Yule wa kwenye kompyuta alisahau kusema sawa. Bibi alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anasema ndiye huyo, ndivyo alivyokuwa akijibu. Mimi nilikuwa natazama feni. Kuna vumbi jingi masjala.

Rufaa imepokelewa saa tisa na dakika ishirini. Njiani Bibi hakuniita mume wangu mdogo. Kaniita kwa jina langu la shule, lote, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Jumamosi, tarehe 14

Nimetafakari sana. Nimejilaumu tangu asubuhi hadi karibu saa nne.

Ndipo nikaona! Ijumaa tulisikia kurasa zote ishirini na mbili tukiwa tumekaa kwenye benchi. Na benchi ni bure! Wanasoma neno kwa neno, kila siku, kwa sauti, majalada ya watu wote. Anayeandika haraka akikaa pale kimya anaondoka na kesi tatu kwa siku. Nawauzia wenye shida kwa nusu ya ada. Muhuri nitaufikiria baadaye.

Bibi alinituma uzi mweusi wa cherehani, akanipa pesa kamili, akanitazama machoni. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili na kalamu mbili. Uzi nitamletea Jumatatu jioni, tena bunda zima, kutoka kwenye faida.