Malalamiko ya Balozi Kuhusu Nesi Aliyeijua Mikoa Yote

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuwabaini Maadui wa Taifa.

YAH: KAZI YA KUWAONDOA WAGENI KUACHWA NUSU

Ndugu Mwenyekiti,

Shikamoo kwa cheo, maana kwa umri ni wewe unayepaswa kuniamkia. Huku chini ya Mlima Meru hatujambo. Mvua inanyesha, na kitongoji chetu kina amani kubwa kwa sababu zahanati imefungwa na hakuna tena mtu anayeweza kutudhuru kwa dawa.

Mimi ni Elinami, balozi wa nyumba kumi. Ni balozi ambaye hajawahi kupanda ndege, lakini taifa nalipenda. Mlipopita na kipaza sauti mkitangaza kwamba nchi imezungukwa na maadui, na kwamba kila balozi ataje mgeni aliye katika eneo lake, nilitii siku hiyohiyo. Mgeni wangu alikuwa mmoja tu, nesi Pudensiana, aliyeletwa na serikali hiihii kutoka Kasulu. Nilimtaja kwa furaha, maana kwetu mgeni hutajwa ili achinjiwe. Mkaja na gari, bila mbuzi.

Sasa mmemweka ofisini kwenu tangu Jumatatu athibitishe uraia. Mkwe wangu Naisiae, aliyetegemea kujifungulia mikononi mwake, amekaa hapa na tumbo lake akingoja taifa liwe salama. Nimemwambia avumilie, uzalendo una gharama zake.

Siandiki kumtetea nesi. Ninalalamika kwamba mmeanza kazi nzuri mkaiacha nusu, kama ifuatavyo:

1. Ushahidi dhidi yake ni mzito na sielewi mnasita nini. Mgambo wenu Lucky alinieleza vizuri: "Mzee, yule si wa hapa. Kiswahili chake kimenyooka mno." Nywele zilinisimama. Hapa kwetu raia mwema huchanganya Kimeru, Kimaasai na Kiingereza cha kuungaunga kabla hajamaliza salamu. Kisha mkamtaka ataje mikoa yote ya nchi, akaitaja bila kupumua. Raia gani wa kweli anaijua mikoa yote? Wewe mwenyewe, Mwenyekiti, ulipojaribu kumsahihisha ulitaja Dodoma mara mbili na Songwe ukaisahau kabisa. Uraia wako uling'aa mbele ya watu wote.

2. Kila asubuhi magari ya wageni yanapita hapa kwenda mbugani. Wageni hao wana darubini na kamera ndefu, wanachungulia hadi migomba yetu, na mgambo wanawapungia mikono. Pudensiana hakuwa na darubini. Alikuwa na mizani ya kupimia watoto.

3. Yupo mgeni hatari kuliko hao, na ajabu ni kwamba alitangazwa waziwazi. Ni yule mgeni rasmi aliyekuja kuzindua zahanati. Hakuna aliyemjua. Alikata utepe, akala mbuzi wetu, akaahidi daktari, umeme na gari la wagonjwa, akaondoka na hajaonekana tena. Wengine wanashukiwa tu kuwa wageni, lakini huyu amethibitishwa rasmi. Naomba akamatwe, na akikamatwa aulizwe kuhusu umeme.

4. Mwalimu mstaafu wa hapa ananiambia mahindi yalikuja kwa meli kutoka nchi za mbali, maharage vilevile, na kahawa ya mteremko huu ililetwa na wamisionari. Yote hayo yamekaa mashambani mwetu miaka mingi na hakuna aliyeyahoji. Nashauri tung'oe kila kitu tubaki na majani ya asili. Ng'ombe watatufundisha namna ya kuyala.

5. Tulipokuwa shuleni tulifundishwa kwamba taifa lina maadui watatu, yaani ujinga, umaskini na maradhi. Hao ninawaona kila siku, wananisalimia kwa jina, na hawajaombwa kitambulisho hata mara moja. Maradhi yalipopata habari kwamba nesi hayupo yalirudi mchana kweupe. Mtoto wa jirani yangu Lerionka anaharisha tangu jana na mlango wa zahanati una kufuli lenu. Hili limenikasirisha, Mwenyekiti, na sioni sababu ya kulificha.

6. La mwisho linahusu Kamati yenyewe. Huyohuyo mwalimu anasema maneno "taifa", "adui" na "hatari" yametoka Uarabuni. "Ofisi" na "polisi" yametoka kwa Waingereza, na "kamati" iko nayo kundi moja. Hata "raia", Mwenyekiti, si raia. Kwa hiyo naiomba Kamati yako ijihoji, ijikamate, na ikishindwa kutaja mikoa yote, ijirudishe kwao.

Nikimaliza, wasalimie wajumbe wote, mgambo Lucky, na dereva wa lile gari. Msalimie sana na mama watoto wako. Nasikia alijifungulia hospitali ya mjini, akahudumiwa na madaktari wa mataifa mbalimbali, na bado uzalendo wake uko palepale.

Ni mimi, mwenzako katika kulilinda taifa,

Elinami,
Balozi wa Nyumba Kumi.

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha nikasikia kelele ndani. Naisiae ameshikwa na uchungu. Mto umejaa, mjini hatuwezi kufika, na upande huu wa mto anayejua kuzalisha ni huyo mliyemfungia. Futeni yote niliyoandika, kuanzia namba moja. Ni mimba yake ya kwanza na damu imeanza kutoka mapema. Ninaogopa. Pudensiana si mgeni, ni binti yangu, andikeni kwamba nimemzaa mwenyewe, ukoo mtautafuta baadaye. Anayewaletea barua hii ni mwanangu Solomoni, mume wa Naisiae. Msimwambie azime pikipiki. Msinijibu kwa maandishi, mpakieni nesi nyuma yake.