Mkoba Mwepesi Kuliko wa Wifi

Jumatatu, 15 Januari

Shajara yangu, nisamehe kwa kukutupa muda wote huu. Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa na tumbo. Sasa tumbo lina jina, linaitwa Lovro, lina meno mawili na limenitafunia kalamu. Sikukusahau. Nilikuwa nalala nimesimama.

Habari kubwa! Fundi Gorazd, mwenye karakana ya mikoba nyuma ya kanisa hapa Jezersko, ameshona mikoba miwili mipya ya kupandia mlima kwa skii. Ya safari za siku moja, kwenda asubuhi na kurudi jioni. Myepesi ajabu. Anataka watu wawili waijaribu Jumamosi, kisha wamweleze uzuri na ubaya wake. Atakayemridhisha atakuwa mjaribu wake msimu mzima.

Yaani kila Jumamosi mlimani. Kikazi! Mtu aliye kazini haitwi kubadilisha nepi.

Tangu Lovro azaliwe sijakanyaga theluji ya juu. Mlima nauona dirishani nikianika nguo. Unanicheka.

Mkoba mmoja nimepewa mimi. Wa pili amepewa Tadeja, dada wa mume wangu. Hana mtoto, hana kitambi, hana huruma. Aliponiona nao akauliza, je, wifi, huo ndio wa kubebea maziwa? Nikamwambia ni wa kubebea maneno yake, ila naona hautatosha.

Moja bila!

Jumanne, 16 Januari

Nimeukagua mkoba mezani. Lovro amesaidia kwa kulamba zipu. Mbele una mfuko wa peke yake wa koleo na fimbo ya kupimia theluji, ili poromoko la theluji likimfukia mwenzako usianze kuchakura chini ya mkate. Vizuri. Wavu wa kofia ngumu. Vizuri. Unafungukia mgongoni, hivyo ukiulaza kwenye theluji upande unaogusa mgongo wako haulowi. Fundi ana akili, tuseme ukweli.

Nimeujaza viazi, nikavaa viatu vya skii, nikapanda na kushuka ngazi za nyumba. Gwa! Gwa! Gwa! Mama mkwe, anayekaa ghorofa ya chini, akatoka kuuliza kama nimepandisha ng'ombe darini. Nikasema nafanya utafiti. Akasema enzi zake utafiti ulikuwa mmoja tu, nani kala keki ya kokwa za jozi kabla ya wageni.

Jioni Tadeja kapita kusalimia. Kupeleleza, yaani. Kasema wake ameshaupunguza uzito, kakata lebo zote. Watu wa skii wa huku wana ugonjwa huo. Wanakata mpini wa mswaki, wanang'oa vifungo vya koti, halafu wanabeba soseji nzima. Nikamcheka kwa dharau.

Alipoondoka nikatafuta mkasi.

Alhamisi, 18 Januari

Lebo, kwisha. Vikamba, kwisha. Ubavuni palikuwa na mkanda mmoja mrefu, na kitanzi chini yake. Nimeugeuza, nimeuvuta, sikuona kazi yake. Viazi vilikaa vizuri bila huo. Mkasi kwa vyote viwili, kwacha!

Nimeupima kwenye mizani ya Lovro. Mwepesi kuliko wa wifi, naapa. Matevž, mume wangu, akauliza mbona mizani iko mezani. Nikamwambia mtoto kaongezeka. Akafurahi mpaka nikaona haya.

Mwanamume mwema huyu. Huniuliza kama nimechoka, namwambia hapana, kisha nasinzia na kijiko mdomoni. Nimemwambia Jumamosi atakaa na mtoto kwa sababu nina kazi, si matembezi. Kazi! Akasema haya, kazi ni kazi.

Jumamosi, 20 Januari

Nimemnyonyesha Lovro alfajiri. Nikamwambia wazi, mama anakwenda kazini, hakuna kulia. Hakulia. Nililia mimi, kidogo, hadi darajani.

Njia inapoanzia pana rundo la kuni. Kila anayepanda hubeba gogo moja hadi juu mlimani, kibandani kwa mzee Ciril, naye humpa chai. Ndiyo desturi. Asiyebeba hutazamwa kuanzia kofia mpaka viatu. Tukachukua yetu, mimi na Tadeja, tukayatia mikobani. Kisha Tadeja akaenda nyuma ya misonobari kwa haja.

Mkono ukaniwasha. Nikachagua gogo la pili, nene, bichi, nikalisukuma chini kabisa ya mkoba wake, nikalifunika kwa koti. Hesabu yangu safi. Mabega yamuume, auchukie mkoba, amwambie fundi haufai. Nikamfungia na zipu, kwa upendo.

Tukabandika ngozi chini ya skii zisiteleze kurudi nyuma, tukaanza kupanda. Tadeja akahema. Nikamuuliza kwa upole, vipi wifi, mkoba unakata mabega? Akasema haukati kitu, mwenye kukatwa ni mwenye maswali. Akaongeza mwendo!

Tukafika penye mwinuko mkali, pale ambapo lazima uvue skii uzifunge kwenye mkoba, utembee kwa miguu. Tadeja akazifunga zake mara moja. Mimi natafuta pa kufungia. Ubavuni. Mkanda mrefu. Na kitanzi chini yake.

Viko jikoni kwangu, kwenye pipa la taka.

Nikazifunga kwa skafu. Hatua chache, skii moja ikachomoka. Ikashuka peke yake kwa madaha, kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Nikaitazama hadi ikawa uzi, kisha ikawa hakuna.

Kibandani Tadeja akafungua mkoba. Likatoka gogo. Likatoka lingine. Mzee Ciril akapiga kelele kibanda kizima kigeuke, tazameni mwanamke! Mawili! Na hili nene kama ndama! Akampa sahani mbili za mchuzi wa maharage na kabichi chachu, watu wakampigia makofi. Tadeja akalitazama gogo. Akanitazama mimi. Kisha akatangaza kwamba mkoba huu ni mzuri mno, wala hakuhisi uzito.

Ningesema nini? Kwamba gogo ni langu?

Mimi nikapewa chai. Mzee akauliza skii yangu ya pili iko wapi. Nikasema iko kwenye majaribio.

Kushuka, nimekalia mkoba nikateleza kwa makalio. Haukuchanika. Hilo nitaliripoti.

Jumapili, 21 Januari

Karakanani. Tadeja kaeleza mabega, mgongo, mizigo, kila kitu, kama anasoma misa. Fundi akatabasamu. Akaniuliza mimi, mkanda wa skii je? Nikasema mkoba hauna mkanda wa skii, na huo ni upungufu.

Akaugeuza. Akaona palipokatwa. Kimya. Akasema ameona mikoba iliyotafunwa na mbweha na iliyoungua jikoni, ila uliopasuliwa kama mgonjwa, huu wa kwanza.

Kazi kapata Tadeja. Kila Jumamosi.

Nje Tadeja akanikabidhi skii yangu. Aliiokota akishuka, imejichomeka kwenye zizi la mtu. Akaninong'oneza, wifi, siku nyingine gogo liweke karibu na mgongo, mzigo unatulia zaidi. Akaenda zake akicheka. Nyoka! Lakini kaniletea skii.

Nyumbani nikamnyonyesha Lovro na machozi yakamdondokea kichwani. Akadhani ni mchezo, akacheka. Matevž akaketi kando yangu akauliza kuna nini. Nikamweleza habari za Jumamosi. Za gogo hapana. Akafikiri, akauliza nilikuwa nataka mkoba au Jumamosi? Nikasema Jumamosi.

Akasema, ungesema tu, mke wangu. Kuanzia sasa Jumamosi ni yako. Mimi na Lovro tutapika uji, tutauunguza pamoja.

Nimelala usingizi wa watu.

Jumatano, 24 Januari

Jumamosi ninayo. Bure, kwa kuomba tu. Nimeitafakari siku tatu na simwamini hata kidogo. Si Matevž, namaanisha Jumamosi yenyewe. Siku ya kupewa hunyang'anywa. Jino moja likichomoza, homa moja, imekwenda. Siku ya kazini ndiyo yenye miguu ya kusimamia.

Basi nimeandikia karakana ya bonde la pili, wanaoshona mikoba kama ya Gorazd. Nimejitambulisha kuwa mjaribu mzoefu. Nimesema maoni yangu yalimwacha fundi Gorazd hana la kusema. Uongo uko wapi hapo?

Wamejibu leo! Wako tayari, niwatajie ninachohitaji. Nimewajibu kwamba bado nahitaji waniletee:

mkoba mmoja wa safari ya siku moja, mwekundu, mwepesi kuliko wowote wanaompa mtu mwingine;

ngozi mpya za skii, maana za zamani zimechoka kunizidi;

kofia ngumu, ya kujaribia wavu;

na barua yenye mhuri, kwa jina la mume wangu, isemayo kwamba majaribio lazima yafanyike kila Jumamosi, na theluji ikiwa nzuri, Jumapili pia.