Alama Tisini na Moja za Mkurugenzi Tackett

Kaunti ya Wexley, jimbo la Ohio, iliutangazia umma kwa furaha kubwa kwamba tatizo la vijana wanaotoka kwenye malezi ya serikali na kuishia gerezani limepatiwa ufumbuzi: kuanzia sasa wataarifiwa mapema.

Aliyeubuni Mfumo wa Kukadiria Kifungo ni Orville Tackett, Mkurugenzi wa ofisi ya kaunti inayolea vijana hao, na Ijumaa ya uzinduzi alivaa tai mpya. Kijana wa kwanza kupimwa alikuwa Latrice Mabry. Asubuhi hiyo alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, kwa hiyo asubuhi hiyo hiyo akawa hana pa kulala. Alikuja kuomba chumba. Vyumba vilikuwepo, ila kwa wenye alama chini ya hamsini.

"Umeishi nyumba ngapi, binti?"

"Kumi na moja."

"Shule?"

"Saba."

Kompyuta ikatoa alama themanini na nane kati ya mia za kuelekea gerezani. Tackett akasikitika kitaalamu.

"Sasa mzee, nani alikuwa ananihamisha?"

"Ofisi."

"Basi hizo alama ni zenu. Mimi nilikuwa nimekaa tu kwenye gari."

"Mfumo hauangalii nani. Unaangalia mara ngapi."

"Haya, jaza na yako tuone. Au unaogopa?"

Wageni wakacheka. Tackett, ambaye mbele ya kamera alikuwa mtu wa utani sana, akajaza. Nyumba tisa, zote kwa kufuata vyeo. Ndoa tatu. Ndugu wa karibu: hawapokei simu. Wito wa mahakama kwa kuegesha gari mbele ya bomba la zimamoto: hakwenda, alikuwa kwenye semina ya uwajibikaji.

Tisini na moja.

"Duh," Latrice akasema. "Pole, mzee."

Kwa mujibu wa kanuni ya nne, aliyoiandika Tackett mwenyewe na kuipigia mstari, anayevuka tisini taarifa zake hupelekwa polisi papo hapo. Polisi walifika keki haijakatwa, wakaukuta ule wito, wakamchukua. Watumishi wake wakaitisha kikao cha dharura kujadili hatari waliyokuwa wakifanya nayo kazi miaka yote.

Kituoni walimvua tai. Wakamwambia atatoka akipata mdhamini: mtu mzima mwenye anwani katika kaunti. Alipiga simu kumi na mbili bure. Ya kumi na tatu aliipiga kwa Latrice, ambaye alikuja kwa basi.

"Mtu mzima ndiyo mimi, tangu asubuhi," akamwambia sajini. "Ila anwani sina. Muulize huyu."

Tackett akajitazama alivyo, shingo wazi nyuma ya nondo, akakiri moyoni kwamba yeye ni mjinga wa kada ya juu kabisa. Akaomba karatasi, akaandika: apewe chumba mara moja.

Latrice akaisoma mara mbili. "Dhamana nitaisaini nikishaushika ufunguo."

"Huniamini, binti?"

"Si umenilea wewe, mzee?"

Tackett akampigia katibu muhtasi wake, Bi Dolores, aliyemjibu kwa heshima zote kwamba ufunguo hutolewa baada ya siku mbili za kazi, na leo ni Ijumaa.

"Nani aliweka sheria ya kijinga namna hiyo?"



"Wewe, bosi. Lakini usijali. Binti nitamlaza kwangu mpaka Jumanne, na wewe naona pa kulala unapo."