Chanjo kwa Mwenye Dharura Tu

Ifahamike kwa watu wazima wote, wanaokohoa na wanaojiandaa kukohoa, kwamba chanjo ya kifaduro sasa inatolewa kwenye chumba cha dharura cha hospitali kuu. Ndivyo alivyotangaza Mratibu Mkuu wa Ushawishi, akiwa amesimama juu ya kiti cha magurudumu, sista amekishika kisiondoke naye.

"Kwa mtu mzima kifaduro ni kikohozi tu," alieleza. "Ukikipeleka nyumbani kwa kichanga, kinamkata pumzi." Hapo alisema kweli, na huenda ndiyo maana hakupigiwa makofi.

Kanuni alizitunga mwenyewe. Ya kwanza: chanjo ni kwa mwenye dharura tu. Mzima wa afya arudi nyumbani, asubiri apatwe na jambo. Ya pili: mgonjwa ashawishiwe kwanza, atibiwe baadaye, maana akishatibiwa huondoka.

Wa kwanza kushawishiwa alikuwa fundi wa mabati aliyeanguka kutoka juu ya paa.

"Pole, kaka. Ungependa chanjo ya kifaduro?"

"Mzee, mkono umevunjika."

"Naona. Upo wa pili."

Fundi akautazama huo wa pili kama mtu aliyetajiwa ndugu aliyegombana naye. Lakini mkewe alikuwa na mimba kubwa, akautoa. "Haya, malizeni na huu. Wewe mzee umechanja?"

"Mganga hajigangi," Mratibu alijibu, akaenda upesi kumshawishi mama aliyekuwa akitapika.

Ukweli ni kwamba aliogopa sindano. Aliogopa tangu darasa la pili, siku aliporuka dirishani akaacha kiatu kimoja. Kwenye taarifa zake jambo hilo aliliita "tathmini inayoendelea". Na ingeendelea, kama binti yake asingepiga simu mchana ule.

"Baba, tumetoka wodini. Mjukuu wako yuko nyumbani."

Alikuwa mjukuu wa kwanza, aliyengojwa mpaka majirani wakachoka kuuliza.

"Nakuja sasa hivi nimpakate."

"Umechanja?"

"Mwanangu, mimi ndiye mwenye chanjo."

"Iko kwenye friji au iko mwilini?"

Mratibu akakohoa kidogo, kikohozi cha kutafuta neno.

"Basi utamwona dirishani," binti akasema. "Kama mfungwa."

Mratibu akajikaza kisabuni. Akaenda kwa sista, akakunja mkono wa shati, akaangalia dari.

"Nichanje."

"Dharura yako nini, mzee?"

"Sina. Nina mjukuu."

"Hiyo ni furaha, si dharura." Sista akamwonyesha bango ukutani. "Kanuni ya kwanza."

"Nani katunga upuuzi huu?"

Juu ya bango ilikuwapo picha yake mwenyewe, ikitabasamu.

"Basi nipime presha. Lazima imepanda."

Sista akampima. "Nzuri kabisa. Kama ya kijana."

Hakuwahi kuumizwa na habari njema kiasi kile.

Fundi, mkono ukining'inia shingoni kwa kitambaa, akasema kutoka kwenye benchi, "Sista, hebu mwonyeshe sindano tu."

Sista akaitoa. Mratibu akatamka neno moja lisilo la kitaalamu, akaenda chini, paji la uso likapitia kwenye kona ya machela.

"Sasa ana sifa," fundi akasema.

Alipozinduka alikuwa amekalishwa kwenye kile kile kiti cha magurudumu, damu ikimtiririkia kwenye tai. Fundi alikuwa amemwinamia.

"Pole, mzee. Ungependa chanjo ya kifaduro?"

"Kaka, kichwa kimepasuka. Nishoneni kwanza."

"Kanuni ya pili," sista akasema, akimpangusa Mratibu bega kwa pamba.

"Kichwa tunakiona," fundi akaongeza. "Mikono ipo yote miwili."

Mratibu akasikia jinsi maneno yake yanavyosikika kwa mtu anayevuja damu. Angekuwa na nguvu angejizaba kofi. Akafumba macho, akachomwa, akashangaa kwamba imekwisha.

Jioni alifika kwa binti yake na bandeji kichwani, mikono ameshainyoosha tangu getini. Mlango haukufunguliwa.

"Hongera, baba," sauti ikatoka ndani. "Kinga inachukua wiki mbili. Nimesoma kwenye bango lako."

Akazunguka mpaka dirishani. Kichanga kikapiga mwayo, kikamgeuzia kisogo. Mratibu akaweka kidole kwenye kioo.

"Mwambie," akasema taratibu, "babu yake bado anatathminiwa."